Tabibu wa kikosi: namna ya kuzipata kozi za tiba ya medani

Wiki iliyopita koplo mmoja alinifuata nyumbani Nkuhungu, hapa Dodoma, akanikuta barazani nachambua mlenda. Akabana miguu: "Shikamoo afande." Gwanda nimelivua miaka kadhaa sasa, lakini vijana hawajaacha. Nikamwambia, "Marahaba mwanangu, keti." Hakuzunguka. Yeye ni tabibu wa kombania ya askari wa miguu, stashahada anayo, kazini ana miaka minne, na siku zake nyingi zinaishia kwenye malaria, malengelenge ya buti na vifundo vilivyoteguka katika mbio za asubuhi. "Mama, siku risasi zikilia kweli, mikono yangu itaanzia wapi? Na hizi kozi wanazokwenda wenzetu zinapatikanaje?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na kila mara nimejibu nusu nusu kwa sababu chai inapoa na mtu ana lindo usiku. Leo nalijibu lote. Nimekuwa tabibu jeshini kuanzia praiveti hadi Afisa Mteule Daraja la Kwanza, nimehudumu Darfur Kusini nchini Sudan, na nimewapeleka vijana wengi kwenye kozi. Mambo ya ndani ya vikosi sitayaandika. Ninayoandika askari yeyote anaweza kuyafuata bila kugusa kiapo chake.

Tuanze na jambo linalowakosesha wengi. Nafasi za kozi hazibandikwi ubaoni zikasubiri mwezi mzima. Ujumbe unaingia kikosini Jumatatu ukitaka majina mawili kabla ya Jumatano mchana. Mkuu wa kikosi anamwita mganga wa kikosi, anamuuliza nani yuko kamili. Mganga anamtaja yule ambaye karatasi zake amekwisha kuziona. Aliyeacha vyeti vyake kwa shangazi Manyoni hatajwi, hata kama mikono yake ni hodari kuliko ya wote.

Mimi nilikosa kozi ya miezi mitatu nje ya nchi kwa leseni. Ilikuwa imeisha muda siku 11 kabla ya jina langu kusomwa. Niliikimbilia, nikaipata baada ya wiki tatu, na ndege ilikuwa imekwisha kuondoka na mtu mwingine. Nafasi ya pili ilinijia baada ya miaka minne. Katika miaka hiyo minne niliwahudumia watu kwa ujuzi ambao ungeweza kuwa mkubwa zaidi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Bahasha

Nunua bahasha tatu ngumu za kaki. Moja inakaa kwa mganga wa kikosi, moja kwako kambini, moja nyumbani kwa mtu unayemwamini. Kila moja iwe na nakala zilizothibitishwa za vyeti vya shule, cheti cha taaluma na matokeo yake, leseni hai ya baraza lako, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo sita, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na wasifu wa kurasa mbili uliochapwa kwenye kompyuta. Tarehe ya leseni kuisha iandike kwa kalamu nyekundu nje ya bahasha. Ukiwa afisa tabibu au daktari baraza lako ni la madaktari, ukiwa muuguzi ni la uuguzi na ukunga, na usidhani gwanda linakusamehe ada na masharti ya kuhuisha.

Ongeza daftari. Hapa ndipo nitakung'ang'ania. Nunua daftari la jalada gumu, uandike kila ujuzi ulioufanya kwa mkono wako: tarehe, mahali, ulifanya nini, nani alikusimamia, sahihi yake. Usiandike majina ya wagonjwa. Mishipa mingapi umepata, vidonda vingapi umefunga, mara ngapi umemsaidia mtu kupumua kwa puto na barakoa. Anayechagua kati ya matabibu watano wenye stashahada ileile hana kitu kingine cha kumtofautishia.

Kama hujasomea tiba kabisa na uko kombania ya mapigano, mlango wako ni mwingine na usiudharau. Askari aliyefundishwa vizuri kuzuia damu ndiye anayemfikia majeruhi kwanza, kabla ya tabibu. Omba kozi za mwokoaji wa medani. Na kama una sayansi nzuri ya kidato cha nne, ulizia Chuo cha Sayansi za Tiba cha Jeshi kilichoko Lugalo, Dar es Salaam. Raia mwenye taaluma ya afya tayari afuatilie matangazo ya jeshi ya kuandikisha wataalamu.

Kozi zenyewe zinafundisha nini

Utasikia herufi TCCC kila mahali, kwa hiyo zielewe. Ni utaratibu wa kumhudumia majeruhi vitani uliotokana na makala ya mwaka 1996 ya madaktari wa jeshi la Marekani. Waliona kwamba askari walikuwa wanafundishwa huduma ya hospitali ya mjini, halafu wanapelekwa mahali penye risasi. Wakagawa kazi katika vipindi vitatu. Kipindi cha kwanza mko chini ya moto: jibu mapigo, mtoe mwenzako kwenye hatari, bana damu ya mkono au mguu, basi. Cha pili ni pale mnapopata kificho, ndipo unampima kwa utulivu. Cha tatu ni njiani, kwenye gari au helikopta.

Ndani ya kipindi cha pili kuna mpangilio ambao lazima uuote usingizini: damu nyingi kwanza, halafu njia ya hewa, halafu kupumua, halafu mzunguko wa damu, halafu joto la mwili na kichwa. Sisi wa zamani tulifundishwa njia ya hewa kwanza. Mpangilio uligeuka, na hesabu iliyokuja baadaye inaonyesha kwa nini. Mwaka 2012 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha uchunguzi wa vifo 4,596 vya askari wa Marekani kati ya 2001 na 2011. Karibu 87 katika kila 100 walikufa kabla ya kufika kwenye hospitali yenye upasuaji. Kati ya hao waliofia njiani, karibu robo wangeweza kuokolewa, na katika robo hiyo tisa kati ya kumi waliuawa na damu. Soma tena sentensi hiyo taratibu. Damu hiyo ilimwagika mbele ya mtu kama wewe, mwenye mkoba begani.

Ngazi za mafunzo ni nne. Ya kwanza ni ya kila askari, hata mpishi na dereva. Ya pili ni mwokoaji wa medani, kozi ya saa 40 hivi. Ya tatu ni ya tabibu wa medani, kama saa 63, nawe uko hapo. Ya nne ni ya wale wa juu, maparamediki na madaktari wa mstari wa mbele. Masomo yake, video na karatasi za kupimia ujuzi viko bure kwenye mtandao wa Deployed Medicine, na simu yako inatosha. Ukisoma peke yako hupati cheti cha kozi, na kuangalia video hakukufanyi tabibu wa medani. Lakini atakayefika darasani akiwa amezimaliza atafundishwa mikono wakati wenzake wanafundishwa majina.

Kuna mtu ataniambia, Mama, hayo ni ya vita vya Wamarekani. Nimjibu kwa yetu. Desemba 7, 2017, kwenye kambi ya Semuliki mashariki mwa Kongo, vijana wetu wasiopungua 14 waliuawa na makumi wakajeruhiwa. Julai 13, 2013, Darfur Kusini, tulipoteza 7 katika shambulio moja barabarani. Tabibu wa kikosi alikuwa mahali fulani katika usiku na barabara hizo.

Anzia Dodoma

Vijana wanapenda kuanza na San Antonio, kule Marekani wanakofundishwa matabibu wa jeshi. Mimi nawaambia waanze na idara ya magonjwa ya dharura iliyo karibu. Ukiwa Makutupora, Msalato au Ihumwa, una Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale mjini na una Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Chuo Kikuu cha Dodoma. Barabara ya Morogoro na ile ya Singida haziishi ajali, na bodaboda ndio usiseme. Mbavu zilizovunjika, paja lililopasuka, kijana anayepauka huku anajibu maswali vizuri: hayo yote utayakuta huko usiku wa Jumamosi.

Utaratibu ni barua ya mkuu wa kikosi kwenda kwa Mganga Mfawidhi, ikiomba uhudhurie zamu kwa muda maalumu chini ya usimamizi. Omba wiki sita. Ukinyimwa wiki sita omba Ijumaa na Jumamosi usiku kwa miezi mitatu. Nenda na daftari lako, mfuate muuguzi mkuu wa zamu kwa adabu, mwambie wewe ni mwanafunzi wake. Usiingie na cheo. Niliyojifunza kuhusu mishipa iliyosinyaa kwa mtu aliyepoteza damu nilifundishwa na muuguzi wa kiraia aliyekuwa karibu kustaafu, mwanamke wa maneno machache. Alikuwa anaminya mkono wa mgonjwa kwa vidole viwili, anafumba macho, halafu anachoma mara moja.

Ukiwa huko ulizia kozi ya Huduma ya Msingi ya Dharura ya Shirika la Afya Duniani, ile ya BEC, iliyoandaliwa pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Ni ya siku tano hivi, na Tanzania ni kati ya nchi tatu za Afrika zilikojaribiwa mwanzoni, pamoja na Uganda na Zambia. Inafundisha namna ya kumwendea mgonjwa mwenye shida ya kupumua, mshtuko wa damu, aliyepoteza fahamu na aliyejeruhiwa. Kuna nyingine ya siku mbili inaitwa Primary Trauma Care, imetengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na mashine nyingi, na anayefanya vizuri huongezewa siku ya kuwa mkufunzi. Kwa Dar es Salaam, idara ya dharura ya Muhimbili iliyofunguliwa mwaka 2010 ndiyo iliyolea wataalamu wengi wa fani hii nchini. Ukipata nafasi ya kukaa pale hata mwezi mmoja, ichukue.

Niseme kidogo kuhusu kuchagua majeruhi, kwa kuwa ndilo somo nililolipata kwa njia ngumu. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima karibu na Igandu, hapa mkoani Dodoma, ikarudi nyuma kwa kasi, ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Nilikuwa nyumbani likizo, nikaenda kujitolea. Nilikuwa na mikono yenye nguvu na cheti, lakini nilimkimbilia kila aliyepiga kelele. Kulikuwa na baba mmoja amekaa kimya ameegemea ukuta, koti kalikunja vizuri magotini, nikampita mara tatu. Mara ya nne alikuwa amekwisha. Sijui kama angepona. Najua tu kwamba anayepiga kelele ana hewa kifuani, na kwamba siku ile sikuwa nimefundishwa kumtazama aliyenyamaza. Ukiona kozi yoyote yenye somo la majeruhi wengi kwa wakati mmoja, iwe ya zimamoto, ya Msalaba Mwekundu, ya hospitali, hudhuria.

Mlango wa ulinzi wa amani

Kwa tabibu wa Tanzania huu ndio mlango ulio wazi zaidi. Umoja wa Mataifa una kozi ya huduma ya kwanza kwa kila mlinda amani, ya kumsaidia mwenzako, na una kozi ya msaidizi wa tiba wa uwanjani ambayo kwa kifupi inaitwa UNFMAC. Hii ya pili ndiyo yako. Mafunzo ya kabla ya kuondoka hufanyika nchini, na kituo chetu cha mafunzo ya ulinzi wa amani kiko Kunduchi. Jirani zetu Kenya wana kituo kikubwa Karen, Nairobi, ambacho hupokea wanafunzi wa nchi nyingine.

Kabla hujaenda, kariri kanuni yao ya 10-1-2. Ndani ya dakika 10 majeruhi awe amepata huduma ya kwanza na damu imezuiwa. Ndani ya saa 1 awe amefikiwa na huduma ya juu ya kuokoa maisha. Ndani ya saa 2 awe mezani kwa upasuaji wa dharura. Ukiulizwa kwenye usaili kazi yako ni ipi katika kanuni hiyo, usijibu kwamba ni ile 10 ya kwanza peke yake. Umbali wa Darfur ulinifundisha kwamba ile saa 1 inaweza kuwa saa sita, vumbi likifunga anga na helikopta isiruke. Kwa hiyo omba somo la huduma ya muda mrefu ya majeruhi uwanjani: kumgeuza, kumpa maji, kufuatilia mkojo wake, kulegeza au kubadilisha toniketi (ule mkanda wa kubana mkono au mguu damu isitoke) kwa utaratibu, kudhibiti maumivu usiku kucha. Somo hilo haliombwi na wengi. Mimi naliona ndilo linalotufaa zaidi sisi wa nchi za umbali mrefu.

Nje ya bara, kwa ufupi

Afrika Kusini huduma za tiba za jeshi ni tawi la jeshi linalojitegemea, na shule yao iko eneo la Pretoria. India wana kituo na chuo cha jeshi la tiba Lucknow. Ujerumani wana akademia yao Munich, na Wajerumani wameshirikiana na tiba ya jeshi letu kwa miaka mingi. Uingereza shule yao iko Whittington, karibu na Lichfield. Marekani tabibu wa jeshi la nchi kavu hufundishwa Fort Sam Houston, San Antonio, Texas, wiki 16. Matabibu wa vikosi vyao maalumu wana kozi ya wiki 36 Fort Bragg, na hiyo usiipigie hesabu ukiwa tabibu wa kombania. Jua tu kwamba ipo na inafundisha nini.

Kinachowaangusha wetu kwenye nafasi za Marekani ni Kiingereza. Kuna mtihani wa kusikiliza na kusoma unaitwa ECL, alama zake ni hadi 100, na kila kozi ina alama yake ya chini, nyingi zikianzia 70. Wanaouandaa ni shule yao ya lugha hukohuko San Antonio. Nimemwona sajini aliyekuwa fundi wa mikono kuliko sisi sote akirudishwa kwa alama tatu. Anza leo. Kila usiku nusu saa ya habari za redio kwa Kiingereza, uandike ulichosikia, kesho ukisome kwa sauti. Miezi minane ya hivyo inatosha kwa mtu aliyemaliza kidato cha nne vizuri.

Barua

Usimpigie simu unayemjua Makao Makuu. Andika barua, ipite kwa mkuu wa kombania na mganga wa kikosi, iende kwa mkuu wa kikosi. Iwe ukurasa mmoja. Mimi nilikuwa nawaandikisha hivi:

"YAH: MAOMBI YA KUHUDHURIA MAFUNZO YA TIBA YA MEDANI. Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu. Mimi ni tabibu wa kombania B tangu mwaka fulani. Katika miezi 12 iliyopita nimehudhuria zamu 24 za dharura hospitalini, kama daftari lililoambatishwa linavyoonyesha. Naomba jina langu liwekwe kwenye orodha ya watakaohudhuria kozi ya tabibu wa medani au UNFMAC itakapotokea. Nikiwa masomoni, zamu zangu zitashikwa na mwenzangu, ambaye amekubali na ametia sahihi hapa chini. Nikirudi, ndani ya siku 60 nitafundisha askari 30 wa kombania kuzuia damu na kubeba majeruhi. Naomba kuwasilisha."

Sentensi mbili ndizo zinazobeba barua hiyo: ile ya nani atashika zamu, na ile ya siku 60. Mkuu wa kikosi ana mazoezi ya medani mbele yake, anaogopa kubaki bila tabibu. Ukimwondolea hofu hiyo kwa jina na sahihi, umemsaidia kukubali. Baada ya miezi mitatu bila jibu, andika kumbusho fupi lenye adabu, uambatishe kurasa mpya za daftari.

Na hiyo ahadi ya kufundisha usiitoe kwa mdomo tu. Kikosi cha 75 cha Ranger cha Marekani kiliwafundisha askari wake wote, pamoja na makamanda, kuzuia damu. Hesabu yao ya vita vya Afghanistan na Iraq ilipochapishwa mwaka 2011, hawakupata kifo hata kimoja ambacho kingeweza kuzuilika kabla ya hospitali. Matabibu wao walikuwa wazuri. Lakini tabibu ana mikono miwili, na kombania ina mikono zaidi ya 200.

Mazoezi ya nyumbani

Wakati barua inazunguka, fanya haya. Nunua juisi ya choya lita moja na nusu, pale sokoni Majengo ipo. Mwaga nusu lita sakafuni, nusu lita kwenye gwanda kuukuu, nusu lita kwenye mchanga wa nje. Tazama. Sakafuni itaonekana kama umechinja mbuzi. Kwenye gwanda ni doa. Kwenye mchanga wetu wa Dodoma, baada ya dakika chache huoni kitu. Mtu mzima ana kama lita tano za damu, na ardhi ya huku inaweza kunywa mbili ukiwa umesimama hapohapo unasema hajapoteza nyingi. Kwa hiyo mpime mtu: mapigo ya mkononi, akili zake, ubaridi wa ngozi.

Nunua paja la mbuzi, litoboe kwa kisu mpaka mfupani, ujifunze kushindilia gozi, yaani kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, ndani ya tundu hilo kwa vidole mpaka liguse mfupa na lisiingie zaidi. Halafu kandamiza kwa uzito wa mwili wako dakika tatu kwa saa. Dakika tatu ni ndefu kuliko unavyofikiri. Kinena, kwapa na shingo havifungwi toniketi, gozi na mikono ndiyo tegemeo lako.

Toniketi ya mazoezi iwe ya mazoezi tu, ile ya kazi usiichoshe. Jifunge mwenyewe: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, umelala kifudifudi, gizani, mikono imeloa mafuta ya kula. Mpaka ufikie chini ya nusu dakika. Ukikaza vizuri inauma sana. Isipouma, damu inapita chini yake.

Na baridi. Vijana wa Dodoma hunicheka nikitaja baridi, mpaka nimweke mmoja juu ya machela nje usiku wa Julai, amevaa fulana iliyolowa maji, upepo ule wa kwetu ukipita. Mtu aliyepoteza damu hupoa hata saa saba mchana, na mwili uliopoa haugandishi damu. Kila unapomfunua kumkagua, mfunike tena. Tandika kitu chini yake kwanza, kwa sababu ardhi ndiyo inayoiba joto.

Dawa moja utakayoulizwa kwenye kila kozi ni tranexamic acid. Utafiti mkubwa wa mwaka 2010 wa wagonjwa zaidi ya 20,000 ulionyesha inapunguza vifo vya kutokwa damu ikitolewa mapema, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba ikipita saa 3 haisaidii na inaweza kudhuru. Ndiyo maana unaandika saa ya kujeruhiwa.

Sheria isome pia. Mikataba ya Geneva ya 1949 inakulinda wewe tabibu na mgonjwa wako. Inakuruhusu silaha nyepesi ya kujilinda na kumlinda majeruhi. Inakutaka umtibu na adui kwa kufuata uhitaji wa tiba peke yake. Kwenye usaili hilo huulizwa, na vijana wengi hubabaika hapo.

Jambo la mwisho kabla ya begi ni kichwa chako mwenyewe. Tuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, hapahapa Dodoma, na watu wamelifanya jina hilo kuwa la kutishana. Niliporudi Darfur sikulala vizuri kwa miezi. Nilikwenda kumwona mtaalamu wa afya ya akili, nikazungumza, nikarudi tena, na nikaendelea na kazi miaka mingi baada ya hapo. Ukipata kozi yoyote ya msaada wa kisaikolojia, iweke kwenye bahasha kama nyingine. Mabuti yako ndiyo yatakayosimama karibu zaidi na wanaokufa.

Koplo wangu aliniuliza abebe nini siku ya kuripoti. Buti zilizokwisha kuuzoea mguu, usinunue mpya wiki hiyo. Soksi za pamba jozi sita. Tochi ya kichwani na betri za akiba. Daftari lako lote, lenye sahihi. Kamusi ndogo. Picha ya nyumbani. Saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, maana simu utanyang'anywa mlangoni. Na kalamu mbili za wino usiofutika: moja utamwazimisha mwenzako na haitarudi, ya pili ni ya kuandikia saa kwenye toniketi.